Pepo wa Mdogo Wangu na Binti wa Vienna

"Vipimo vyote viko sawa. Hana kitu."

Daktari alisema hivyo huku akifunga faili. Mama mdogo akashusha pumzi, akasema alhamdulillah, akaanza kupekua mkoba kutafuta miwani ili asome risiti. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, pamba bado imebandikwa mkononi pale palipotolewa damu. Akauliza, bila kumtazama yeyote:

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

Daktari alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine.

Swali hilo limenikaa kooni wiki nyingi sasa. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni huko bara. Anaanguka. Mkono wa kushoto unakufa ganzi, sauti inakata, wenzake wanambeba hadi chumbani kwa matroni, na baada ya muda mrefu anazinduka anaomba maji. Damu safi, mkojo safi, kichwa kimepigwa picha, safi. Sasa kama mwili hauna kitu, na mtoto hadanganyi, kinachomwangusha kiko wapi?

(Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala shule, na nisiseme popote kwamba alilia. Basi sisemi.)

## Mgeni kutoka Pemba

Watu wa pwani mnajua kilichofuata. Ijumaa ileile, baada ya Alasiri, shehe alifika na mfuko wake. Ubani ukawashwa, kombe likaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi, akanyweshwa. Mdogo wangu aliketishwa mkekani, shuka jeupe kichwani, sisi wanawake tumejipanga ukutani. Shehe akasoma. Akasoma tena. Sijaona mtu mwenye subira kama yule.

Kisha mabega yakaanza kutikisika, na ikatoka sauti ambayo haikuwa yake, nzito, yenye lafudhi ya visiwani.

"Nani wewe?"

"Natoka Pemba." (Mbona wote hutoka Pemba? Wapemba mtatusamehe.)

"Umemwingilia kwa nini binti wa watu?"

Kimya.

"Unataka nini?"

"Harudi kule. Mkimrudisha, namchukua."

Nilimtazama mama mdogo. Maneno hayohayo mdogo wangu aliyasema mwezi wa nne, jikoni, akimenya viazi: mama, mimi pale sirudi. Akajibiwa kwamba ada imeshalipwa, na kwamba kuna watoto wa watu wanaililia nafasi hiyo. Likizo ilipoisha akapandishwa basi. Safari hii, aliposema Mpemba, hakuna aliyetaja ada. Shehe alibembeleza, mama mdogo akaahidi mbele ya mashahidi kwamba suala la shule litaangaliwa, na mgeni akakubali kuondoka kwa muda.

Pepo ana haki ambazo binti wa miaka 16 hana. Anaweza kukataa. Anaweza kutoa masharti. Anaweza kuwaambia wakubwa kwamba wamekosea, na wakubwa wakaitikia, "Sawa, bwana."

Usiku ule sikulala vizuri. Kwamba mdogo wangu hakuigiza, sikuwa na shaka. Namjua, hata ule uongo mdogo wa simu iliisha chaji unamshinda. Lakini yule Mpemba alizipataje habari za jikoni?

## Bertha na glasi ya maji

Sisi tuliosoma fasihi chuoni tulikutana na Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, kwenye nadharia za uhakiki. Tulikariri ung'amuzi bwete, yaani sehemu ya nafsi iliyofichika hata kwa mwenyewe, kwa ajili ya mtihani, tukautafuta kwenye riwaya mbili tatu, tukauacha hapohapo. Safari hii nilimrudia Freud nikiwa na shida yangu, na nikaanzia alipoanzia yeye, kwa mgonjwa ambaye hata hakuwa wake.

Bertha Pappenheim alikuwa na miaka 21 mwaka 1880, binti wa familia tajiri ya Kiyahudi mjini Vienna. Kaka yake alipelekwa chuo kikuu. Yeye masomo yalikatishwa mapema, akakaa nyumbani kama wasichana wa daraja lake, kudarizi na kusubiri mchumba. Baba yake alipougua, ndiye aliyekesha naye. Akaanza kukohoa. Kisha mkono wa kulia ukapooza, macho yakaingia makengeza, na ikafika hatua Kijerumani chake, lugha aliyozaliwa nayo, kikampotea, akawa anaongea Kiingereza tu, hata na watu wasioelewa. Mwili ulichunguzwa, na hakuna kilichoonekana cha kueleza mambo hayo.

Hana kitu.

Josef Breuer, daktari mwenye heshima kubwa mjini, alifanya jambo ambalo wenzake hawakuwa na muda nalo. Alikwenda kwake jioni baada ya jioni, akaketi, akasikiliza. Akiwa katika usingizi wa hipnosi, Bertha alirudi nyuma hadi siku dalili ilipoanza, akaisimulia, na dalili ikalegea. Mazungumzo hayo akayapa jina mwenyewe: tiba ya kuzungumza. Akiwa na utani aliyaita kufagia dohani.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha maji. Katika joto kali la kiangazi Bertha alishindwa kunywa maji kwa wiki kama sita. Ananyanyua glasi, ikigusa midomo anaisukuma. Alikuwa akikata kiu kwa matikiti. Jioni moja akamsimulia Breuer, uso umekunjamana kwa kinyaa, jinsi alivyoingia chumbani kwa mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa akikaa naye, akamkuta mbwa mdogo wa yule mama anakunywa kwenye glasi. Hakusema kitu, kwa adabu. Alipomaliza kutoa hasira yake aliomba maji, akanywa mengi, akazinduka glasi ikiwa mdomoni. Maji hayakumsumbua tena.

Hakusema kitu, kwa adabu. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Lakini kisa kilichonichoma ni cha kikohozi. Usiku mmoja, kando ya kitanda cha baba yake, Bertha alisikia muziki wa dansi kutoka nyumba ya jirani. Akatamani awe kule. Papo hapo akajilaumu: baba yuko mahututi, wewe unawaza kucheza? Tangu hapo, kila akisikia muziki wenye mdundo, anakohoa.

Wazo dogo, la kawaida kabisa kwa msichana wa miaka 21. Nyumbani kwao halikuwa na pa kukaa.

## Kazi ya kutokujua

Breuer na Freud walichapisha kisa hiki mwaka 1895, wakimwita Anna O. ili kumsitiri. Freud ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Kusahau kwa namna hii, alisema, si uzembe wa kumbukumbu. Ni kazi. Kuna kitu nafsini kinacholizuia wazo lisilovumilika lisifike mahali ambapo tungelazimika kukubali kwamba ni letu, na kulizuia huko kunagharimu nguvu usiku na mchana. Wazo lenyewe halifi. Linatafuta upenyo: ndotoni, ulimi unapoteleza, au kwenye mkono unaokufa ganzi. Dalili inakuwa mapatano kati ya pande mbili zinazogombana. Inasema na inaficha kwa pamoja. Ndiyo maana mgonjwa anaomba iondoke na wakati huohuo anaikumbatia, na anayemtibu hukutana na ukinzani wa ajabu. Miadi inasahaulika. Mada inageuzwa. Utani unaingia kati pale hasa panapouma.

Baadaye Freud aliachana na hipnosi. Akamtaka mgonjwa alale kwenye kochi aseme lolote linalomjia, hata la kijinga, hata la aibu, bila kuchuja. Jaribu ukiwa peke yako chumbani uone. Mimi niliishia kupanga bajeti ya mwezi, jambo ambalo nadhani Freud angelifurahia.

Kwa mtazamo huo, jibu la mdogo wangu lipo. Hapana, si mwongo. Mwongo anaujua ukweli na anakuficha wewe. Yeye ukweli umefichwa hata kwake, na aliyeuficha ni yeye mwenyewe.

Na si wafuasi wa Freud peke yao wanaosema hivyo. Madaktari wa leo wa ubongo na mishipa ya fahamu, wengi wao wasiotaka hata kusikia jina lake, hawawahesabu wagonjwa wa aina hii kuwa waigizaji. Neno histeria, jina la zamani la ugonjwa huu, liliondolewa kwenye mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980. Wagonjwa hawakuondoka nalo.

## Kreuzlingen

Kama ningeandika mwezi uliopita, makala ingeishia hapo juu, na ingependeza. Nikaendelea kusoma.

Katika kitabu, Bertha anapona. Mwaka 1972 Henri Ellenberger, mwanahistoria wa tiba ya akili, alichapisha nyaraka alizozifukua. Julai 1882, wiki chache tu baada ya Breuer kumaliza tiba yake, Bertha alilazwa kwenye sanatoria ya Bellevue mjini Kreuzlingen, Uswisi, dalili bado zipo, na juu yake amezoea mofini aliyokuwa akipewa kwa maumivu makali ya uso. Miaka iliyofuata alilazwa tena na tena. Mgonjwa wa kwanza wa tiba ya kuzungumza, yule ambaye jengo zima limesimama juu ya mabega yake, hakuponywa nayo. Si kwa namna tuliyosimuliwa.

Niliudhika, tena sana. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda Breuer.

Halafu nikafuatilia maisha ya mbele ya Bertha. Mwaka 1888 alihamia Frankfurt na mama yake. Akaongoza kituo cha mayatima. Akatafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Kiingereza cha kutetea haki za wanawake. Mwaka 1904 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, na mwaka 1907 akafungua nyumba huko Neu-Isenburg ya kuwapokea wasichana waliozaa nje ya ndoa na waliokuwa hatarini kuuzwa kwenye ukahaba. Alizunguka nchi za watu kuifuatilia biashara hiyo, na aliwakera wanaume wengi wenye vyeo, marabi wakiwemo. Kuhusu miaka ile ya ugonjwa alinyamaza kimya. Ilibidi Ernest Jones, mwandishi wa wasifu wa Freud, aje kutoboa siri mwaka 1953, Bertha akiwa kaburini tangu 1936.

Kwa hiyo alipona kwa kuzungumza, au kwa kupata mahali ambapo maneno yake yanafanya kazi? Ukiniuliza mimi, naelemea la pili.

## Wasichana wa Kashasha

Hapo ndipo shaka yangu kubwa ilipoanza. Ukichimba sana ndani ya binti, shule inapona. Nina maana kwamba hakuna anayeigusa.

Sisi tuna kisa chetu kwenye majarida ya tiba. Januari 30, 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, kilomita kama 40 kutoka Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko, kilio, kukimbia ovyo. Mpaka shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Walipopelekwa makwao wakaenda nacho. Eneo la Nshamba peke yake watu 217. Rankin na Philip, madaktari walioandika ripoti mwaka 1963, walitafuta sumu na maambukizi, wasikute. Hakuna aliyekufa.

Huko nje kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na sisi wenyewe tumeshaanza kukisimulia hivyo. Lakini waliopatwa walikuwa na hofu. Wengine walihisi kuna mtu anawakimbiza. Na ripoti ina jambo moja ambalo mimi ningeliandika kwa herufi kubwa: walimu hawakupatwa.

Wanaolala bweni moja, wanaoamshwa na kengele moja, wanaomwogopa mtu mmoja, ndio walioambukizana. Mpaka leo tunasikia shule fulani ya wasichana imefungwa kwa sababu wanafunzi wanaanguka. Anaitwa shehe, anaitwa mchungaji, mti wa nyuma ya bweni unakatwa. Ratiba ya kuamka saa kumi usiku inabaki palepale ubaoni.

## Alichokikataa Dora

Saikolojia ya Freud ina dhambi ya namna hiyo kwenye kumbukumbu zake, na aliyeiandika ni Freud mwenyewe.

Mwaka 1900 aliletewa binti wa miaka 18, Ida Bauer, ambaye kitabuni anamwita Dora. Kikohozi, sauti kukata. Baba wa binti alikuwa na uhusiano na mke wa rafiki yake, na rafiki huyo naye alikuwa akimwandama Dora tangu akiwa mtoto wa miaka 14. Dora alisema. Mtuhumiwa akakana, baba akashika upande wa rafiki, binti akapelekwa kwa Freud arudishwe kwenye mstari. Freud aliamini kwamba yametokea, hilo tumpe. Kisha akatumia majuma kumi na moja kumshawishi kwamba moyoni alimpenda yule mtu. Desemba 31 Dora akaaga, akaondoka.

Freud aliona ukinzani na kisasi. Mimi nikisoma naona msichana mwenye akili timamu anayejua mlango uko wapi.

Hapa ndipo ninapomwogopa mzee huyu. Nadharia ambayo "hapana" yako inaihesabu kuwa "ndiyo" haishindwi kamwe, na kisichoweza kushindwa mwanafalsafa Karl Popper alikitoa nje ya sayansi. Wilhelm Fliess, rafiki wa karibu kuliko wote, alimwambia Freud mwaka 1901 kwamba msoma mawazo huyasoma mawazo yake mwenyewe ndani ya wengine. Urafiki wao haukupona.

## "Pole na msiba"

Kwa hiyo sikumhoji mdogo wangu. Nilimsuka nywele.

Freud aliketi nyuma ya kochi ili mgonjwa asimwone usoni. Wasusi wanaujua mpango huo tangu enzi. Anayesukwa anaongea na ukuta, mikono yako ina kazi, na ukimya hauna aibu. Tulikuwa kibarazani, redio ya jirani inaongea peke yake, nimeshafika nusu ya kichwa.

Alianza yeye, na alianza na bibi.

Bibi yetu alifariki Novemba mwaka jana. Mdogo wangu, aliyelelewa naye tangu anatambaa, alikuwa kwenye upimaji wa kidato cha pili. Wakubwa walikubaliana asiambiwe mpaka amalize. Familia nyingi hufanya hivyo na hakuna anayeona ajabu. Mtoto akivurugikiwa na mtihani nani atamlipia? Mjomba akampokea stendi shule ilipofungwa, akamwambia njiani. Alifika nyumbani khitma ya arubaini inaandaliwa, kitanda cha bibi kimeshahamishwa. Alitulia sana. Watu wakamsifu kwamba amekomaa.

"Mimi nilijua," akasema.

Nikasimamisha kitana.

Kulikuwa na binti mwingine wa mtaa wetu bweni lilelile. Mama yake alikwenda siku ya kutembelea wanafunzi, akamdokeza. Jioni, kwenye foleni ya chakula, yule binti akamwambia mdogo wangu: pole na msiba.

"Ukasemaje?"

"Nikasema asante."

Kama vile anajua. Kesho yake walikuwa na hisabati.

"Nikawaza, afadhali hawajaniambia. Nifanye kwanza mtihani." Akanyamaza, akachezea kucha. "Halafu dada, nikajiuliza, mimi ni mtu gani?"

Baada ya hapo alisubiri aitwe. Saa za prepo matroni husimama mlangoni na karatasi, anasoma majina ya wanaotakiwa ofisini. Kila mlango ulipofunguliwa alijua ni yeye. Hakuwa yeye. Mitihani ikaisha, stendi mjomba akamwambia, naye akapokea habari kama mpya.

"Mlikuwa mmeshajipanga namna ya kuniambia. Ningeanzaje kusema nimechelewa kushangaa?"

Januari akarudi shule. Mara ya kwanza kuanguka ilikuwa prepo, matroni amesimama mlangoni.

Nilimaliza kusuka. Habari za Vienna sikumwambia.

## Nadhifu mno

Freud alilalamika mwaka 1895 kwamba visa vyake vinasomeka kama hadithi fupi, havina ule muhuri mzito wa sayansi. Na hiki nacho kinasomeka hivyo. Kifo, wazo la aibu, mlango, anguko. Mwalimu wangu wa fasihi angekipa alama nzuri, na hilo linanitia wasiwasi.

Kwa sababu yapo mengine aliyoyasema siku hiyohiyo ambayo hayaingii vizuri kwenye hadithi: viboko vya kuchelewa kufika mstarini, uji wa maji, wasichana wawili wa kidato cha nne wanaomfulisha nguo zao. Ukinipa bibi peke yake kama sababu, umewasamehe wote hao. Na wiki iliyofuata alianguka tena, nyumbani, akitoka bafuni, ingawa tayari alikuwa "amesema". Wanaotarajia kwamba neno likishatoka ugonjwa unaaga, kama yale maji ya Bertha, wasinitafute.

Kinachonibakia mkononi ni kitu kingine. Freud alimweka mzuiaji wa mawazo ndani ya nafsi ya mtu, kama karani wa serikali anayekagua barua. Mimi nimemwona sebuleni kwetu, amekaa na wenzake, amevaa baibui, ana nia njema kabisa, anasema mtoto asiambiwe kwanza. Mdogo wangu alitii agizo ambalo hata hakupewa. Alitii vizuri kuliko tulivyotarajia, mpaka kichwani mwake mwenyewe.

Na yule Mpemba?

Shehe na Freud wanakubaliana jambo ambalo yule daktari wa vipimo alilikosa: kinachomwangusha binti kina dai, na kinastahili kuulizwa kinataka nini. Wanaachana kwenye swali linalofuata. Dai ni la nani? Shehe anasema la mgeni. Kwa hiyo binti hana kosa, mama anabadili uamuzi bila kuonekana ameshindwa na mwanawe, na hakuna anayeaibika. Hiyo ni rehema kubwa, na wasomi wanaoicheka hawajawahi kuishi nyumba moja na mama wa Kitanga. Freud anasema dai ni lako. Anakurudishia neno lako pamoja na aibu yake yote: ndiyo, wewe ndiye uliyewaza "afadhali", na wewe ndiye unayeikataa shule.

Nilipoanza kusoma niliamini njia ya pili ni bora siku zote, kwa kuwa ina ukweli zaidi. Siamini hivyo tena. Kumrudishia mtu neno lake mahali ambapo hakuna wa kulipokea ni kumtwisha mzigo. Dora alikuwa na neno lake tangu mwanzo, alilisema wazi, na halikumsaidia mbele ya wanaume watatu walioelewana. Mpemba angalau alisikilizwa. Lakini Mpemba hawezi kumlilia bibi. Hajui bibi alikuwa akimfichia nani ukoko wa wali. Hiyo kazi ni ya mdogo wangu mwenyewe, na ataifanya pale tu atakapoamini kwamba sisi tunaweza kulisikia lile "afadhali" bila kumgeuzia uso.

Ahadi ya Freud kwa wagonjwa, mwishoni mwa kitabu kile cha 1895, ilikuwa ndogo kuliko watu wanavyodhani: kuyageuza mateso yao yawe huzuni ya kawaida. Zamani niliona ni ahadi ya mtu aliyekata tamaa. Ila huzuni ya kawaida ndiyo hasa mdogo wangu aliyonyimwa Novemba. Wenzake wote walipata siku tatu za matanga, mikeka, kahawa, vilio vya zamu. Yeye alipata hisabati.

Muhula huu amehamia shule ya kutwa hapa mjini. Mama mdogo anasema ahadi ya Mpemba imetimizwa, na hataki mjadala. Mwanasaikolojia anayemwona anasema wameanza kidogokidogo kuugusa msiba. Nilipomuuliza mwenyewe akaniambia siku hizi anaanguka mara chache kwa sababu analala mpaka saa kumi na mbili, kisha akaniomba hela ya daftari la kemia.